Juu ya Utepe

Yvan aliwatangazia watu wa Alby, mtaa wao wa pembezoni mwa Stockholm, akawatangazia wa Rågsved, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, akamtangazia hata mama mmoja wa Kifini aliyekuwa anangoja lifti tu na mifuko yake ya maziwa, kwamba ataurudisha mwaka 1872 mzima mzima, bila kuupunguza wala kuuongezea kitu.

"Kama ulivyokuwa," alisema huku akijipiga kifua. "Mskoti wa zamani akifufuka siku hiyo, ataulizia kofia yake tu, halafu aingie uwanjani."

Maneno makubwa, lakini Yvan hakuwa na ya saizi nyingine. Alikuwa mwaka wa mwisho wa gymnasiet, yaani sekondari ya juu ya Kiswidi, na mwaka huo kila mwanafunzi hudaiwa kazi moja ndefu ya kuchagua mwenyewe. Wenzake walichagua nyangumi, kodi na historia ya baiskeli. Yeye na rafiki yake Akili wakachagua mpira wa Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, na katika enzi hiyo yote, mwaka mmoja: 1872. Ndio mwaka Waingereza walipocheza fainali ya kwanza ya kombe lao. Ndio mwaka kona ilipoingia kwenye sheria. Na ndio mwaka ambao, mwezi wa Novemba, Skoti na Uingereza zilikutana Glasgow, nchi kwa nchi, mara ya kwanza kabisa. Watu walijaa, wakapiga kelele, wakalowa. Mechi ikaisha bila bila.

Hiyo bila bila Yvan aliipenda kuliko goli lolote alilowahi kuliona. "Fikiria," alimwambia Akili, "mpira wa dunia nzima umeanzia kwenye hakuna kitu!"

Basi wakakubaliana: hawataandika tu, wataicheza. Warundi wa Alby dhidi ya Wakongo wa Rågsved, kwa sheria za 1872.

Kikao cha maandalizi kilifanyika Rågsved, sebuleni kwa wazazi wa Akili. Mama Madeleine aliweka chai na maandazi mezani. Mumewe, Papa Bonaventure, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu mmoja juu ya stuli kwa sababu ya goti. Upande wa Alby walikuja Yvan na Egide, kipa wao, kijana mrefu, mpole, wa kuongea kwa nadra. Yvan akasimama katikati ya zulia kama mhubiri.

"Sheria ya kwanza. Hakuna penalti."

"Mtu akinikwatua mbele ya lango?" aliuliza Egide.

"Muungwana hakwatui kwa makusudi."

"Akikwatua?"

"Anakuomba radhi."

Papa Bonaventure akacheka mpaka stuli ikasogea. "Hao waungwana hawakucheza Bukavu, mwanangu. Bukavu tulikuwa tunaombana radhi hospitalini."

"Sheria ya pili. Juu ya lango hakuna mti. Kuna utepe. Mpira ukipita chini ya utepe ni goli, ukipita juu si goli. Na neti hakuna."

"Bila neti mtajuaje?" aliuliza Mama Madeleine.

"Ndiyo utamu wenyewe, mama. Kila timu inaleta mwamuzi wake, kila mwamuzi anakaa nusu yake ya uwanja. Hana filimbi. Haamui kitu mpaka wachezaji wamwite na kumuuliza. Na akiulizwa, anasema kweli, hata kama kweli hiyo inaiua timu yake."

"Mwamuzi wa kwenu aseme kweli juu yenu?" Mama Madeleine alishika kiuno. "Na usiku atalala kwa nani?"

"Mwamuzi wa Alby ni mimi," alisema Yvan. "Wa Rågsved ni Akili. Tukitofautiana, tunamwendea Muthoni. Yeye Mkenya, hana shemeji upande wowote."

Kicheko kilipotulia, Papa Bonaventure akaushusha mguu kwenye stuli. "Bon. Mimi nitacheza mbele."

"Pappa, sluta," alisema Akili kwa Kiswidi, yaani baba, acha hayo. "Goti lako je?"

"Goti ni la kwangu. Mama yako miaka yote hii ananiita mchezaji wa mdomo. Anione mara moja tu."

Hapo inafaa kueleza. Papa Bonaventure alikuwa amecheza mpira Bukavu, na kila palipokuwa na watu na sahani za wali, aliwasimulia magoli yake: la kichwa, la mpira wa adhabu, na lile la uwanja wa Kadutu, alilofunga huku kiatu kimemvuka mguuni. Lakini Mama Madeleine alikutana naye baadaye, kambini Tanzania, vita vikiwa vimeshamaliza mpira na mengine mengi. Hakuwahi kumwona akipiga hata danadana. Kwa hiyo kila goli lilipofika mwisho, yeye aliitikia kutoka jikoni: "Nimelisikia! Sijaliona!" Watu wakacheka, na Papa Bonaventure akacheka kuliko wote. Ulikuwa wimbo wao wa nyumbani, mmoja anaanza, mwingine anapokea.

Jioni ile Mama Madeleine alisema, "Sawa. Nitakuja na mwavuli, na macho yangu mawili."

Siku ya mechi, Jumamosi ya Septemba, 1872 haikutokea.

Kofia zilizonunuliwa kwenye duka la mitumba zilikuwa za kina mama, moja ikiwa na ua. Utepe wa lango ulikuwa ule wa mistari myekundu na myeupe wa kuzuia watu wasitumbukie kwenye mashimo ya barabarani. Yvan alikuwa ameeleza kwamba zamani timu iliweka washambuliaji wanane; Wakongo wakasema wanane ni wachache, wakaweka tisa. Mchezo haujachangamka, mtu akakwatuliwa, na uwanja mzima, Warundi kwa Wakongo, ukaimba kwa sauti moja: "Penaltiii!" Mvua nayo ilikuwa inanyesha ile ya Stockholm isiyoanza wala kuisha, ipo tu, kama jirani.

Yvan alizunguka huku na huku akisihi, "Jamani, uungwana! Uungwana!" Akachekwa. Mtu mmoja akamvisha ile kofia yenye ua. Alicheka pia, lakini ndani alikuwa anaona mwaka wake ukimong'onyoka kipande kwa kipande. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kimebaki sawasawa na Glasgow: hakuna aliyefunga. Kadiri mchezo ulivyokaribia mwisho, ndivyo alivyoishikilia hiyo bila bila, kama mtu aliyepoteza mizigo yote safarini akabaki na tikiti mkononi.

Papa Bonaventure alikuwa pembeni kulia. Hakukimbia sana, alitembea kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha. Vijana wa Alby walishaacha hata kumchunga. Ndipo mpira ukarushwa kutoka pembeni, ukamfuata yeye. Akautuliza kwa paja, ukashuka, na kabla haujagusa nyasi akaupiga kwa mguu wa kushoto.

Halikuwa shuti la kuvunja mtu mbavu. Lilikuwa shuti la mtu anayejua. Mpira ulipaa, ukainama, Egide akaruka na kuanguka kifudifudi, na utepe ukatetemeka kwa upepo wa kitu kilichopita chini yake. Mpira ukaenda zake kwenye vichaka vya nyuma.

Yvan alikuwa amesimama kando ya nguzo. Aliuona kama anavyokiona kiganja chake. Kati ya mpira na utepe ingepita ile kofia, na ua lake juu.

"Ni goli!" Mama Madeleine alikuwa ameshatupa mwavuli. "Bona! Bona, nimeliona!"

"Juu!" walipiga kelele Warundi, kwa sababu wangesema nini kingine?

Wakongo wakainua mikono kama walivyofundishwa. "Mwamuzi! Tunauliza!"

Papa Bonaventure akaja akichechemea, uso wote maji. Hakuja kugomba. Alisimama mbele ya Yvan kwa adabu, mzee mbele ya kijana, kwa kuwa kijana mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo.

"Mwanangu, miwani nimemwachia mama. Mimi nimeona ukungu tu. Wewe ulikuwa hapa hapa. Sema, nitakubali."

Egide alikuwa bado chini, amejiegemeza kwenye viwiko, akimtazama Yvan. Yvan akamtazama Egide. Kisha mdomo ukatangulia. Ni hivyo tu. Kuna watu mdomo wao huondoka nyumbani mapema, akili ikabaki nyuma inafunga kamba za viatu.

"Juu, papa," alisema. "Unywele mmoja. Lakini juu."

Akili alifika mbio kutoka nusu yake, na Muthoni akasogea na koti lake la mvua. "Haya, Akili, wewe umeonaje?" aliuliza Muthoni. "Mkitofautiana ndiyo mimi nipate kazi."

Akili alihema. Alimtazama baba yake, akautazama utepe. "Kule nilikokuwa niliona kama umeingia. Lakini ni mbali, na mimi ni mtoto wake, macho yangu yana upande. Yvan alikuwa hapa. Kama amesema juu, ni juu."

Papa Bonaventure akaitikia kwa kichwa, akampiga Yvan begani taratibu. "Asante, mwamuzi."

Mama Madeleine alikwenda kuokota mwavuli wake. Watu wote walimsikia anavyomwambia mumewe, bila ubaya, kwa mazoea tu: "Haya, baba. Hata hili nimelisikia."

Ikaisha bila bila.

Kazi ya shule ilisifiwa. Yvan aliandika habari za kofia na washambuliaji, na darasa likacheka. Lakini sehemu ambayo mwalimu aliisoma kwa sauti aliiandika Akili. Aliandika kwamba watu wa 1872 hawakuwa wajinga kuamini neno la mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe ameona: rafiki yake alilikataa goli la baba wa Akili mwenyewe, na hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba aliyesimama kando ya nguzo anasema alichokiona. Mwalimu alipomaliza kusoma, akasema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika kazi yao. Akili akatabasamu. Yvan akatafuta mzaha wa kusema, akaukosa, akainama kufunga viatu visivyo na kamba.

Angeweza kusema siku ile. Angeweza kusema kesho yake, kwenye treni, Akili akiwa amekaa mbele yake anakula chipsi. Aliandaa maneno mazuri kabisa, yenye mzaha mwanzoni ili kulainisha. Lakini kila alipofungua mdomo ukatoka mzaha peke yake, ukweli ukabaki ndani. Alishangaa: mdomo uliokuwa hodari kutangulia siku ya mvua sasa hautaki hata kusukumwa.

Egide naye alianza kumpita. Hakumkasirikia, hapana, alimsalimia, "Vipi," akaendelea na njia. Zamani walikuwa wakisimama chini ya jengo lao mpaka Mama Gaudiose, mama yake Yvan, apige kelele dirishani kwamba chakula kinapoa.

Kilichomuuma zaidi kilikuja Krismasi. Baada ya ibada watu walibaki kwenye ukumbi wa kanisa, wali na maharage vikapita, na kijana mmoja akamwita Papa Bonaventure kama ilivyokuwa desturi: "Papa, tupe lile la Kadutu! La kiatu!"

Papa Bonaventure alikuwa anachambua samaki. Hakuinua uso. "Ah, lile. Kadutu siku ile neti ilikuwa imeibwa. Nani anajua? Huenda nalo lilipita juu."

Watu wakacheka wakidhani ni kionjo kipya. Mama Madeleine, aliyekuwa na sufuria mlangoni, alifungua mdomo kuitikia, na hakukuwa na cha kuitikia. Akarudi jikoni na sufuria yake.

Yvan aliutafuna wali ule kama mchanga. Alikuwa amefikiri amemnyima mtu goli moja la kuchezea mvuani, jambo la utani, litasahaulika. Kumbe alikuwa amelifuta na lile la Kadutu, na la kichwa, na la mpira wa adhabu. Mpira wote wa Bukavu, ambao vita vyenyewe vilishindwa kuuchukua. Na hakuna aliyekuwa akimlaumu mtu. Hilo ndilo lililokuwa baya. Laiti wangegombana.

Mwezi wa Machi, Papa Bonaventure alipasuliwa goti. Habari ilifika Alby kwa simu, na Mama Gaudiose akatokea jikoni akifuta mikono.

"Baba wa rafiki yako amepasuliwa, wewe umelala unatazama televisheni?"

"Nitaenda, mama."

"Utaenda lini, akishapona akujie yeye? Vaa. Chukua hii mikate, upeleke. Mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Akapanda treni, akabadilisha kwenye kituo cha Slussen, na njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Leo atasema. Leo hakuna mzaha. Treni ilipotoka chini ya ardhi na kuanza kupita kwenye miti, alikuwa ameshayapunguza kidogo: atasema alikosea. Kituo cha mwisho kabla ya kushuka, alikuwa ameyapunguza tena: atasema huenda alikosea. Kukosea si kudanganya, alijiambia. Papa atapata goli lake, na yeye atabaki na uso wake. Kila mtu apate chake.

Akili alimfungulia mlango, akamkumbatia. "Umekuja! Ingia, hata Egide yuko ndani."

Egide alikuwa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi, machungwa aliyoleta yakiwa mezani. Papa Bonaventure alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mguu umenyooshwa umefungwa bandeji mpaka pajani, magongo yameegemezwa ukutani. Yvan akamsalimu kwa mikono miwili, akatoa mikate, akaulizwa habari za mama yake, akajibu. Mama Madeleine akamletea chai.

"Daktari anasemaje, papa?"

"Anasema nitatembea vizuri. Ngazi nitapanda. Mpira basi." Papa Bonaventure alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Yale ya Septemba ndiyo yalikuwa ya kuagia."

Yvan akaweka kikombe chini. "Papa, hayo ya Septemba ndiyo yamenileta pia."

Akili akapunguza sauti ya redio.

"Nimefikiri sana," alisema Yvan. "Lile shuti lako. Unajua, jua lilikuwa linanipiga usoni, na..."

"Jua gani?" alisema Mama Madeleine. "Mimi siku ile si nilikaa chini ya mwavuli mpaka nikakupa wewe kitambaa ujifute?"

"Mvua, mama. Nilitaka kusema mvua. Mvua ilikuwa machoni. Kwa hiyo nimefikiri, nikaona huenda... sisemi kwa hakika... huenda sikuona vizuri. Huenda ulipita chini."

Papa Bonaventure alijiinua kidogo kwenye kiti. Alimwonea kijana huruma, ilionekana wazi. Akaanza kumsaidia kubeba mzigo wake. "Mvua inasumbua macho, ni kweli. Hata mwamuzi mkubwa anakosea. Usijitese kwa hilo, mwanangu. Umefanya vizuri kuja kusema."

"Kwa hiyo lilikuwa goli?" aliuliza Mama Madeleine. Hakuwa akimtazama mumewe. Alikuwa akimtazama Yvan, birika mkononi, macho makavu, yanayongoja. "Nataka kujua tu. Nililiona au sikuliona?"

Neno moja lilikuwa linatosha. Yvan alilijua, lilikuwa pale kwenye ulimi.

"Huenda, mama," alisema. "Huenda uliliona."

Mama Madeleine akaitikia polepole, akageuka kumimina chai.

Egide akatua kikombe chake juu ya meza. Hakukitua kwa nguvu, lakini wote walikisikia.

"Yvan," alisema. "Ulinikonyeza."

"Nini?"

"Nilikuwa chini. Ulinitazama, ukanikonyeza." Egide akamgeukia Papa Bonaventure. "Nami nikanyamaza miezi yote hii, nikijua. Unisamehe, papa. Goli lilikuwa goli. Lilipita chini kabisa, hata kidole changu halikugusa."

Akili aligeuza uso kumtazama rafiki yake. Yvan aliona anavyosoma upya, mstari kwa mstari, kitu alichokiandika mwenyewe.

"Utani tu ule," alisema Yvan. "Mdomo ulitangulia, wallahi, papa, mdomo ulitangulia, halafu nikashindwa kuurudisha, ndipo nika..."

Papa Bonaventure akainua mkono, na maneno ya Yvan yakakatika. Mzee alimgeukia Egide, akauliza kwa utulivu uleule aliokuja nao siku ile mvuani, alipoacha yote mikononi mwa mwamuzi.

"Anasema mdomo ulitangulia. Alikukonyeza baada ya kusema, au kabla?"

Egide alimtazama Yvan kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kujibu mwenyewe. Yvan akainamia kikombe chake.

"Kabla, papa."